Sauti Isiyo na Mwenyewe

Sogezeni redio karibu, kwa sababu leo tunazungumzia masikio.

Naam, masikio, na hofu inayopitia humo. Nianze na swali. Ulipokuwa mdogo, nani alikukataza kupiga mluzi usiku? Bibi? Mama? Shangazi? Na alikupa sababu gani? Wapo walioambiwa kwamba mluzi wa usiku huita nyoka. Wapo walioambiwa huita mashetani. Wengine walifundishwa kwamba ukisikia jina lako likiitwa gizani na sauti usiyoitambua, usikimbilie kuitika. Nyamaza kwanza, usikilize kama itaita tena. Na bundi akitua juu ya paa akalia, nyumba nzima hunyamaza.

Sasa angalia jambo moja, msikilizaji. Katika mambo yote hayo, hakuna aliyeona kitu. Mluzi unasikika, jina linasikika, bundi anasikika, lakini jicho halijaona chochote. Hapo ndipo ilipo hoja yangu ya leo, nami nitaisema polepole tuishike pamoja. Sauti ikikosa mwenyewe, akili ya msikilizaji huitafutia mwenyewe; na huyo anayepatikana huwa wa kutisha kuliko yeyote ambaye jicho lingemwona. Narudia: sauti ikikosa mwenyewe, sisi ndio tunaomtafuta, tena tunamtafuta humu humu vichwani mwetu.

Nitalipitia jambo hili kwa hatua tatu. Kwanza, waandishi wa zamani wa hadithi za kutisha, wa Uingereza na Marekani, walioijua siri hii kwa kalamu tu. Pili, mafundi wa mwanzo wa muziki wa kielektroniki, waliokuja kuitengeneza sauti hiyo kwa mitambo. Tatu, deni ambalo sisi wasikilizaji tunadaiwa na mafundi hao. Twende pamoja.

Haya, hatua ya kwanza: waandishi.

Pale Cambridge, Uingereza, alikuwapo mwanazuoni mmoja aitwaye Montague Rhodes James. Kazi yake ilikuwa kusoma miswada ya kale, na alipanda cheo mpaka akawa mkuu wa King's College. Lakini kila ilipokaribia Krismasi aliwakusanya marafiki chumbani mwake, na kwa mwanga wa mshumaa akawasomea hadithi za mizimu alizoziandika mwenyewe. Zingatia hilo: aliwasomea. Hadithi zile zilikuwa za sikio kabla hazijawa za jicho.

Moja ya hadithi hizo, iliyochapishwa mwaka 1904, ni ya mluzi. Profesa kijana, Parkins, mtu asiyeamini mizimu hata chembe, anakwenda kupumzika katika mji mdogo wa pwani ya mashariki ya Uingereza. Kwenye magofu ya kale karibu na bahari anaokota filimbi ya shaba yenye maandishi ya Kilatini. Anaisafisha. Anaipuliza. Mlio wake ni laini, unaokwenda mbali, wala hautishi. Lakini papo hapo upepo unavuma na kulisukuma dirisha. Chumbani mwake mna vitanda viwili, na yeye analalia kimoja. Asubuhi mtumishi wa hoteli anasema vitanda vyote viwili vinaonekana vimelaliwa.

Mnaiona kazi ya mwandishi hapo? Mlio wa filimbi si kitu. Kitu ni kwamba kuna aliyeusikia akaja. Na huyo aliyekuja, hadithi inapofika kileleni, hana mwili wake mwenyewe. Anajivika shuka za kitanda. James alitupa sauti, akatunyima mwenyewe, na wasomaji wamekuwa wakimtafuta kwa zaidi ya miaka 100. Alikuwa hajapata kukutana na bibi zetu, lakini katika suala la mluzi wa usiku wangekubaliana naye kabisa.

Turudi nyuma kidogo, tuvuke Atlantiki hadi Marekani. Edgar Allan Poe, mwaka 1843, alitoa hadithi fupi kuhusu muuaji. Mtu anamuua mzee, anaificha maiti chini ya mbao za sakafu, kisha anawakaribisha polisi waketi chumbani humo, na kiti chake mwenyewe anakiweka juu ya mbao hizo hizo. Mazungumzo yanaendelea vizuri. Halafu anaanza kusikia moyo ukidunda. Unadunda polepole, kisha kwa nguvu, kisha kwa nguvu zaidi, mpaka anashindwa kuvumilia na kukiri mwenyewe. Nakuuliza, msikilizaji: moyo uliokuwa ukidunda ulikuwa wa nani? Wa maiti, au wa muuaji? Poe hakusema. Alijua kwamba akisema tu, hadithi imekwisha.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1845, Poe huyo huyo akaandika hadithi nyingine ya ajabu zaidi. Mgonjwa wa kifua kikuu, Valdemar, analazwa usingizi na mtaalamu wa kulaza watu kwa ishara za mikono, jambo lililokuwa likizungumzwa sana siku hizo. Analazwa katika dakika zake za mwisho kabisa. Mwili unakufa. Sauti haifi. Inajibu maswali kana kwamba inatoka pangoni, chini sana, na inatangaza kwamba mwenyewe amekwisha kufa. Hadithi ilichapishwa bila kusema kuwa ni ya kubuni, na wako waliodhani ni taarifa ya kweli.

Mnaweza kusema huo ni uzushi wa mwandishi. Ngojeni basi. Mwaka 1877, miaka 32 tu baada ya hadithi hiyo, Thomas Edison alitengeneza mashine ya kwanza iliyoweza kuhifadhi sauti ya mtu na kuirudisha. Mwaka uliofuata aliorodhesha kazi ambazo mashine hiyo ingeweza kufanya, na mojawapo ilikuwa kuhifadhi maneno ya mwisho ya watu wanaokaribia kufa. Jambo ambalo Poe alilibuni ili atishe watu, likawa huduma ya nyumbani.

Nasi tunaoishi leo tunalijua hilo kuliko Edison. Ni wangapi kati yenu mnaonisikiliza mna ujumbe wa sauti kwenye simu, wa baba au wa mama aliyetangulia mbele ya haki, na hamjaweza kuufuta? Mwili umekwenda, sauti ipo. Siku moja unajipa moyo unaubonyeza, naye anakusalimu kama jana. Kinachokushika kooni hapo ni kipi? Mapenzi? Majonzi? Woga? Nadhani ni vyote vitatu kwa pamoja, na ndiyo maana sauti isiyo na mwili ina nguvu kubwa kiasi hicho.

Waandishi wetu nao waliijua nguvu hiyo. Faraji Katalambulla alipotoa riwaya yake ya upelelezi mwaka 1965, aliiita Simu ya Kifo. Hakuchagua kisu wala bastola kwa jina la kitabu. Alichagua simu, chombo kinacholeta sauti na kuficha uso.

Mwandishi wa mwisho katika hatua hii ni Howard Phillips Lovecraft, wa mji wa Providence, Marekani. Mwaka 1922 ilichapishwa hadithi yake kuhusu mzee bubu, Erich Zann, mpiga ala ya nyuzi anayeishi peke yake chumba cha juu kabisa katika nyumba chakavu. Kila usiku anapiga muziki ambao jirani yake, kijana mwanafunzi, hajapata kuusikia popote. Polepole tunagundua kwamba mzee hapigi kwa kujiburudisha. Anapiga ili kukizuia kitu kilicho nje ya dirisha kisiingie. Kijana anapotazama nje, akitarajia taa za mji, anakuta giza tupu lisilo na mwisho, giza lenye muziki ndani yake. Anakimbia, na mtaa ule haupati tena maisha yake yote.

Muziki unaotoka mahali pasipokuwa na mtu. Likumbukeni neno hilo, kwa sababu mwaka huo huo, 1922, muziki wa namna hiyo ulikuwa unapigwa kweli, tena ndani ya ikulu.

Hapo tunaingia hatua ya pili: mafundi.

Katika mji wa Petrograd, Urusi, ambao leo unaitwa Saint Petersburg, kulikuwa na mwanafizikia kijana aitwaye Lev Termen. Nchi za Magharibi zilimfahamu baadaye kwa jina la Leon Theremin. Karibu na mwaka 1920 alikuwa akitengeneza kifaa cha kupimia gesi, chenye mtambo wa umeme unaotoa mlio. Akagundua kwamba mkono wake ukisogea karibu, mlio unapanda. Mkono ukienda mbali, mlio unashuka. Mtu mwingine angelaani kifaa kwa kutotulia. Lakini Termen alikuwa pia mpiga selo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa ameketi. Akaanza kutafuta nyimbo hewani.

Ukitaka kuelewa kilichotokea, kumbuka redio ndogo yenye antena ya kuvuta. Umewahi kupitisha mkono karibu na antena, stesheni ikakwaruza? Mwili wako unaingiliana na umeme uliopo pale. Termen aliuchukua mwingiliano huo akaufanya ala ya muziki. Ndani ya sanduku kuna mitambo miwili inayotoa mitetemo ya kasi sana, isiyosikika na sikio la binadamu. Mmoja haubadiliki. Mwingine unabadilishwa na mkono wako. Tofauti kati ya hiyo miwili ndiyo unayoisikia kwenye spika. Mkono wa kulia mbele ya antena iliyosimama unapandisha na kushusha noti. Mkono wa kushoto juu ya antena iliyopindwa unaongeza na kupunguza sauti. Mpigaji hagusi kitu. Ala hiyo ikaitwa theremini.

Mwaka 1922 Termen aliipeleka ikulu ya Kremlin, Moscow, akampigia kiongozi wa nchi, Lenin, na Lenin mwenyewe akajaribu kuipiga. Mwishoni mwa mwaka 1927 akafika Marekani, na mwaka 1928 akapata hataza yake huko. Watu walijaa kumbini kumwona mtu anayechota muziki hewani kwa vidole.

Na hapa nataka tuwe waadilifu, kwa sababu theremini haikuzaliwa ili itishe watu. Mpigaji wake bora kuliko wote alikuwa Clara Rockmore, mzaliwa wa Vilnius, mwaka 1911. Alianza kama mtoto mwenye kipaji kikubwa cha fidla, lakini maradhi ya mifupa, yaliyotokana na lishe duni ya utotoni, yakamlazimisha kuiacha. Akahamia kwenye ala isiyohitaji nguvu ya mkono. Ila inahitaji kitu kigumu zaidi: utulivu. Ukitikisa bega, noti inapotea. Ukivuta pumzi vibaya, noti inapotea. Hakuna kitufe wala waya wa kukuonyesha noti ilipo. Kuna sikio lako tu. Clara alisimama tuli jukwaani, vidole vikitembea hewani, akapiga kazi za watunzi Rachmaninoff na Tchaikovsky kwa sauti inayokaribia ya mwanamke anayeimba. Alitaka ala ile iheshimiwe kama fidla.

Filamu zikaamua vingine. Mwaka 1945 Alfred Hitchcock alitoa Spellbound, filamu kuhusu mtu mwenye kumbukumbu iliyovurugika, na mtunzi Miklós Rózsa akatumia theremini kila mara akili ya mtu huyo inapotetereka. Mpigaji alikuwa Samuel Hoffman, ambaye kazi yake ya mchana ilikuwa kutibu miguu ya watu. Muziki huo ukapata tuzo ya Oscar. Mwaka 1951 Bernard Herrmann akatumia theremini mbili katika The Day the Earth Stood Still, filamu ya mgeni kutoka anga za mbali. Tangu hapo, mlio ule ukisikika tu, mtazamaji anajua: kuna kitu si cha kawaida.

Kwa nini iwe hivyo? Turudi kwenye hoja yetu. Ukisikia ngoma, unaona mkono unaopiga ngozi hata kama umefumba macho. Ukisikia zumari, unaona mdomo na pumzi. Ukisikia theremini, unaona nini? Huoni kitu. Hakuna ngozi, hakuna pumzi, hakuna kugusa. Sauti imekosa mwenyewe, na akili yako imeanza kazi ya kumtafuta.

Na maisha ya Termen yenyewe yalikuja kuingia katika giza la namna hiyo. Mwaka 1938 alirudi Umoja wa Kisovieti. Mwaka uliofuata akakamatwa, akapelekwa kambi ya kazi ngumu Kolyma, kisha akafungiwa kwenye maabara ya siri. Huko alitengeneza kifaa cha kunasa mazungumzo kisicho na betri wala waya, kikafichwa ndani ya nembo ya Marekani iliyochongwa kwa mbao. Mwaka 1945 nembo hiyo ilitolewa zawadi kwa balozi wa Marekani mjini Moscow, ikatundikwa ukutani, na hakuna aliyeking'amua kifaa hicho mpaka mwaka 1952. Mtu aliyewapa walimwengu ala isiyoguswa, ndiye aliyetengeneza sikio lisiloonekana.

Tuendelee. Mwaka 1956 ilitoka filamu ya Marekani, Forbidden Planet. Humo mna zimwi asiyeonekana. Anaacha nyayo, anaua, na mwishoni inafahamika kwamba ametoka ndani ya akili ya msomi mmoja, katika chuki zake alizozificha hata kwa nafsi yake. Sijui mfano bora kuliko huo wa jambo tunalolizungumza leo: zimwi ametoka kichwani.

Sauti za filamu hiyo zilitengenezwa na mume na mke, Louis na Bebe Barron, katika studio yao New York. Walijenga mitambo midogo ya umeme, wakaizidishia nguvu mpaka ikapiga kelele, ikagumia, ikanung'unika, na hatimaye ikaungua. Mitambo mingi iliimba mara moja tu, ikafa. Wao walikuwa wamewasha kinasa sauti. Kwa hiyo baadhi ya milio tunayoisikia humo ni mwisho wa kweli wa kitu fulani, hata kama kitu chenyewe kilikuwa waya na taa za kioo. Lakini chama cha wanamuziki hakikukubali kazi hiyo iitwe muziki, na kwenye filamu ikaandikwa kuwa ni milio ya kielektroniki. Mume na mke wale walifanya kazi ya muziki wakanyimwa jina la watunzi. Liweke hilo akilini, tutalirudia.

Mwaka 1963 Hitchcock aligeuza kuwa filamu hadithi ya Daphne du Maurier kuhusu ndege wanaowashambulia watu. Hakuweka muziki wa kawaida wa kusindikiza. Milio mingi ya ndege katika The Birds ilitengenezwa na Oskar Sala, huko Berlin, kwa ala ya umeme iitwayo trautonio, ambayo hupigwa kwa kubonyeza waya juu ya reli ya chuma. Fikiria hilo: ndege wanaruka mbele ya macho yako, lakini anayelia ni umeme. Jicho linasema ni kunguru, sikio linasema sivyo. Na mwili unaliamini sikio.

Sasa twende Uingereza, kwenye redio. Mwezi Aprili mwaka 1958 BBC ilifungua karakana ya sauti katika studio za Maida Vale, London. Mmoja wa waanzilishi wake alikuwa mwanamke aitwaye Daphne Oram, aliyepigania kwa miaka mingi kitengo cha namna hiyo kianzishwe. Mwaka 1959 aliondoka akajenga studio yake Kent, akabuni mashine ya ajabu: unachora mistari kwenye ukanda wa filamu, na mashine inaigeuza michoro kuwa sauti. Na mwaka 1961, hadithi ya mizimu ya Henry James ya mwaka 1898, ile ya yaya na watoto wawili katika nyumba kubwa ya shamba, ilipofanywa filamu kwa jina la The Innocents, milio ya kielektroniki inayosikika mizimu ikikaribia ilikuwa na mkono wa Daphne Oram. Katika hadithi ile hatujui kama mizimu ipo kweli au imo katika akili ya yaya. Ni sauti ipi ingefaa zaidi kuliko ile isiyojulikana imetoka wapi? Hapo fasihi ya hofu na muziki wa umeme zikafunga ndoa. Lakini jina la Daphne Oram halikuandikwa kwenye filamu.

Haya, tumefika hatua ya tatu, ambayo ndiyo sababu ya mimi kuwaletea mazungumzo haya. Nataka niwaambie habari za Delia Derbyshire.

Delia alizaliwa mwaka 1937 katika mji wa Coventry. Alikuwa na miaka mitatu ndege za Ujerumani zilipoushambulia mji huo usiku kucha, Novemba 1940. Baadaye maishani alisema kwamba mapenzi yake kwa sauti za ajabu yalianzia kwenye ving'ora vya vita. Mtoto yuko gizani, anasikia mlio unapanda na kushuka, wala hajui unatoka wapi. Wengine walibaki na jinamizi. Yeye alibaki na udadisi. Alisoma hisabati na muziki Cambridge, akaomba kazi katika kampuni ya santuri ya Decca, akajibiwa kwamba hawaajiri wanawake studioni. Mwaka 1960 akaingia BBC, na mwaka 1962 akajiunga na karakana ile ya Maida Vale.

Mwaka 1963 BBC ilikuwa inaanzisha mchezo mpya wa televisheni, Doctor Who, kuhusu msafiri anayepita nyakati na sayari. Ron Grainer akatunga wimbo, akauandika kwenye karatasi. Delia akapewa karatasi ile aigeuze kuwa sauti. Msikilizaji, wakati huo hakukuwa na kinanda cha umeme cha kubonyeza tu. Alirekodi waya mmoja ukikwanyuliwa. Alirekodi mitambo ya kupimia inayotoa mlio mmoja mtupu. Akaiharakisha au kuipunguza kasi kila sauti mpaka ikafika kwenye noti anayoitaka. Akakata ukanda kwa wembe, noti baada ya noti, akaunganisha vipande kwa utepe wa gundi. Kulipotokea kosa, yeye na msaidizi wake Dick Mills walizitandaza kanda kwenye korido ndefu ya studio, wakatafuta kiungo kilichokosewa. Grainer alipousikia wimbo uliokamilika, alishindwa kuamini kwamba ndio ule alioutunga.

Na mlio maarufu wa chombo cha msafiri huyo, kile kinachotoweka na kutokea? Uliundwa na mwenzao, Brian Hodgson, kwa kukwaruza ufunguo wa nyumba ya mama yake kwenye nyuzi nene za piano ya zamani. Ufunguo wa nyumba! Vizazi vya watoto wa Uingereza vimeusikia mlio ule vikaona mlango wa mbingu, kumbe ni ufunguo wa mama.

Delia alikuwa pia na kifuniko cha taa cha chuma, cha kijani, ambacho alikipenda kwa namna kinavyolia kikigongwa. Alirekodi mlio, akakata ule mwanzo wake, pale unapogongwa, akabakiza mwangwi peke yake. Mnaona alichofanya? Aliondoa kugongwa. Aliondoa mkono. Alimwondoa mwenyewe! Sauti iliyobaki aliitumia mwaka 1967 katika muziki wa filamu ya kweli kuhusu Watuareg wa jangwa la Sahara, na ukiusikiliza unaona joto likitetema juu ya mchanga.

Na mwaka 1964, pamoja na mwandishi Barry Bermange, alitengeneza kipindi cha redio kuhusu ndoto. Watu wa kawaida wanasimulia ndoto zao: wanakimbia, wanaanguka, wako chini ya bahari. Sauti zao zimekatwa na kupangwa upya, na chini yake inapita milio ya Delia. Hakuna damu humo, hakuna mzimu, hakuna mauaji. Lakini ni moja ya vitu vya kuogofya zaidi vilivyowahi kupita hewani, kwa kuwa kila msikilizaji anaikuta humo ndoto yake mwenyewe.

Sasa deni. Kwa taratibu za BBC za wakati ule, kazi ya karakana ilikuwa ya karakana. Fundi hakutajwa jina. Grainer alitaka Delia atambuliwe kuwa mtunzi mwenzake. Taratibu hazikuruhusu. Wimbo ukapigwa mwaka baada ya mwaka, ukajulikana duniani, na mamilioni ya watu hawakujua aliyeutengeneza. Delia alifariki mwaka 2001. Jina lake lilionekana kwenye mchezo huo kwa kazi ile mwaka 2013, miaka 50 baada ya wimbo kutoka, miaka 12 baada ya yeye kuondoka duniani. Baada ya kifo chake zilikutwa kanda 267 darini kwake, na leo zimehifadhiwa chuo kikuu huko Manchester.

Kwa hiyo nataka tutenganishe mambo mawili, na nitayasema kwa makini. Ndani ya hadithi, kumficha mwenyewe wa sauti ni sanaa. Montague James alimficha, Poe alimficha, Delia alimkata kwa wembe, na wote walitupa zawadi. Lakini nje ya hadithi, kumficha aliyeifanya kazi ni dhuluma. Hadithi ikiwa inaendelea, mwenyewe afichwe. Hadithi ikiisha, mwenyewe atajwe. Narudia, maana hili ndilo ninalotaka mlale nalo: hadithi ikiwa inaendelea, mwenyewe afichwe, hadithi ikiisha, mwenyewe atajwe.

Na jambo hili si la Uingereza peke yake. Sisi tumekulia katika michezo ya redio ya Kiswahili. Tumesikia milango ikifunguka, mvua ikipiga mabati, nyayo zikija nyuma ya shujaa, tukakazana kushika viti. Tunawakumbuka waigizaji kwa majina. Aliyezitengeneza nyayo zile ni nani? Aliyeleta mvua studioni mwezi wa kiangazi ni nani? Mara nyingi hatuna jina la kutaja, wakati robo tatu ya hofu yetu ilitoka mikononi mwake.

Kwa hiyo nina maombi matatu. La kwanza ni kwenu watayarishaji wa vipindi na filamu: someni jina la fundi wa sauti, kila mara, hata muda ukiwa umebana. Jina moja halizidi sekunde mbili. La pili ni kwenu vijana mnaopenda muziki: msisubiri studio. Simu mliyo nayo inarekodi, inakata, inapunguza kasi. Chukueni sufuria, mlango wenye bawaba kavu, waya wa uzio. Rekodini, punguzeni kasi, kateni ule mwanzo, muone kinachobaki. Akina Barron walianza na waya, Hodgson na ufunguo. La tatu ni kwenu wazazi na walimu: wasomeeni watoto hadithi kwa sauti, taa zikiwa zimepunguzwa, na mfikapo pale pa kutisha msimweleze mtoto zimwi anafananaje. Mwachieni amuumbe. Mtoto anayejua kwamba zimwi amemuumba mwenyewe, anajua pia kwamba anaweza kumwondoa.

Muda wetu umekwisha, mpenzi msikilizaji. Tuandikieni mtuambie ni fundi gani wa sauti mnayemfahamu, wa redio, wa filamu au wa jukwaa la mtaani kwenu, ambaye kazi yake mmeifurahia na jina lake halijapata kusomwa hewani. Katika mazungumzo yajayo nitayasoma majina yatakayofika, moja baada ya jingine, na kila mmoja tumpe heshima yake.